Dogo Anayeongoza Maksai Mnamwitaje Mzembe?

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani likizo. Mvua zilikuwa zimeshika, na asubuhi moja nikaongozana na baba mdogo kwenda shambani kwake, upande wa Laela. Kwenye plau walikuwa wawili tu: baba mdogo nyuma, kashika mikono ya plau, na mbele kabisa dogo mmoja wa miaka kumi, mtoto wa jirani, anaongoza maksai wanne.

Aliyekulia Ufipa anaijua kazi hiyo. Kwa wasomaji wa Dar niieleze kidogo, maana nyie mkisikia Sumbawanga mnauliza habari za radi tu. Dogo anatembea mbele ya ng'ombe ambao kila mmoja angeweza kumkanyaga akaisha. Macho yako kwenye mstari uliopita ili huu mpya usipinde. Sikio liko nyuma kwa mwenye plau, maana neno moja likikupita mnaharibu. Kulikuwa na kisiki kimefunikwa na majani. Alikikumbuka kilipo, akawapitisha ng'ombe pembeni kabla hajaambiwa. Ng'ombe mmoja akashusha kichwa anataka kula, akamrudisha kwa sauti, bila kumpiga. Kwenye saa nne hivi wakapita wenzake watatu na manati, wanaelekea mtoni. Aliwatazama. Nilimwona kabisa anawatazama. Halafu akageuza uso, akaendelea na mstari wake.

Tulipokaa kula nikamuuliza yuko darasa la ngapi.

"La nne, dada."

"Shule unaipenda?"

Akaangalia chini. Baba mdogo akajibu kwa niaba yake: "Huyo? Huyo darasani hamna kitu, mwanangu. Mwalimu wake kachoka naye. Anasahau daftari, hamalizi kazi, kila siku fimbo. Akili hana. Huku shambani ndo fundi."

Makamanda, najua hapa tumezoea kusoma habari za Katiba mpya na tume huru ya uchaguzi, na mimi mwenyewe nimewahi kuziandika. Leo nivumilieni niandike habari za mtoto huyu, na mtaona wenyewe kama nimetoka nje ya siasa.

Kitu alichokuwa anakifanya mbele ya maksai kina jina refu kwa wataalamu wa ubongo. Mimi naita uwezo wa kujiongoza. Ni kushika jambo kichwani huku unalifanyia kazi, kuizuia nafsi isikimbilie kinachovutia, na kubadili njia ukikutana na kisiki. Hakuna anayezaliwa nao ukiwa tayari. Unaanza kujengeka utotoni, unakua kwa kasi kati ya miaka mitatu na mitano, na unaendelea kukomaa hadi mtu anapita miaka ishirini. Kwa hiyo hata mimi ninayeandika hapa bado nimo kwenye ujenzi, msinicheke. Na unajengeka kwa mazoezi, kama mguu wa mcheza mpira.

Sasa kama dogo anao shambani, mbona darasani haonekani kuwa nao? Baba mdogo anasema akili hana. Jirani mmoja, mama mtu mzima, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba huenda karogwa. Mtoto asiyetulia mtaani kwetu ana majina matatu: mtundu, mjinga, au karogwa. Hakuna anayeuliza kama amekula, au kama ameelewa alichoambiwa, au kama darasa lenyewe linamruhusu mtu yeyote kutulia. Na dawa ya majina yote matatu ni moja: fimbo.

Tuanze na fimbo basi, maana ndiyo fani yangu inapoingia. Wengi wanaamini sheria inamruhusu mwalimu kuchapa apendavyo. Siyo. Zipo Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 1979, chini ya Sheria ya Elimu, zikarekebishwa mwaka 2002 kwa Tangazo la Serikali namba 294. Ukizisoma utashangaa. Kiboko ni kwa makosa makubwa ya nidhamu. Visizidi vinne. Achape mwalimu mkuu mwenyewe, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, kama yupo. Na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mimi nimesoma shule ya msingi miaka saba, nimechapwa kwa kusahau rula, kwa kuchelewa mvua ikinyesha, kwa darasa zima kupiga kelele nikiwa nimenyamaza. Kitabu sijawahi kukiona hata kwa mbali. Kusahau rula si kosa kubwa la nidhamu kwa tafsiri yoyote ninayoweza kuipa. Ni kusahau.

Halafu ipo Sheria ya Mtoto ya 2009. Kifungu cha 13 kinakataza adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, kisha kinaongeza kitu ambacho natamani kingebandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya walimu: adhabu yoyote haina uhalali ikiwa mtoto, kwa sababu ya umri mdogo au sababu nyingine, hawezi kuelewa kusudi lake. Yaani Bunge letu lenyewe lilikubali kwamba kuna mambo kichwa cha mtoto bado hakijayafikia, na kwamba huwezi kumwadhibu kwa kutokufika. Kifungu cha 8 kinataja, pamoja na chakula na elimu, haki ya mtoto kucheza. Cha 11 kinasema mtoto anayeweza kuwa na maoni asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu. Ni sheria nzuri kwenye karatasi. Inalala kitanda kimoja na kanuni za 1979, na hakuna aliyeamua nani ashuke.

Watawala wanasimama upande gani tulishaona. Oktoba 2019, Mkuu wa Mkoa wa Mbeya wa wakati huo, Albert Chalamila, aliwachapa viboko mwenyewe wanafunzi wa Shule ya Sekondari Kiwanja, Chunya, waliotuhumiwa kwa habari za simu. Ilirekodiwa, nchi nzima ikaona. Tafuta neno "mkuu wa mkoa" kwenye zile kanuni, hayumo. Lakini Rais Magufuli alimpongeza hadharani. Watoto wote waliokuwa wanaangalia siku ile walipata somo la uraia ambalo halimo kwenye kitabu chochote: sheria ni ya wadogo.

Mtu ataniambia, sawa binti, lakini si fimbo ndiyo iliyotufikisha hapa? Kuna utafiti ninaoupenda kuurudia kwenye hoja hii. Ulifanyika nchi moja ya Afrika Magharibi, ukachapishwa 2011 na Victoria Talwar na wenzake. Walichukua shule mbili za mji mmoja, familia za watoto zikiwa za hali inayofanana. Moja ilikuwa inachapa na kufinya kwa makosa madogo kama ya kusahau penseli. Nyingine ilikuwa inakaripia na kuzungumza. Wakawapima watoto uwezo huu wa kujiongoza. Wa chekechea hawakupishana kwa maana. Wa darasa la kwanza, wale wa shule isiyochapa walikuwa wamewazidi wenzao. Ukiwa na mtu wa kukusimamia na fimbo, kujisimamia utajifunza saa ngapi? Unajifunza kumsikiliza mwenye fimbo yuko wapi. Akitoka nje, darasa linalipuka. Sote tumeyaona hayo, na wengi wetu tulikuwa tunalipuka nalo.

Lakini nisiwabebeshe walimu mzigo wote. Nilipita darasa la awali la shule moja ya kijijini, siitaji, nikahesabu vichwa nikafika tisini na kitu nikaacha. Mwalimu mmoja. Kiwango cha serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na 45 kwa shule ya msingi. Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwaka tangu enzi za MMEM, mwaka 2002, wakati hiyo ilikuwa kama dola kumi. Leo elfu kumi haifiki hata dola tano. Mwalimu mwenye watoto tisini anashika fimbo kwa sababu fimbo haina bajeti. Inakatwa tu mtini hapo nje.

Ninalotaka kulisema zaidi ya yote ni hili la ahadi.

Mnaujua ule mtihani wa peremende? Mwanasaikolojia wa Marekani, Walter Mischel, alianza kuufanya miaka ya 1960: mtoto anawekewa kitu kitamu mbele yake, anaambiwa ukisubiri nikirudi utapata viwili. Kwa miaka mingi watu walidhani anayesubiri ana nguvu ya ndani na asiyesubiri hana. Mwaka 2013 watafiti wengine wa Marekani, Celeste Kidd na wenzake, wakaongeza jambo moja dogo. Kabla ya peremende, mtoto aliahidiwa vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Nusu ya watoto waliletewa kweli. Nusu nyingine mtu alirudi mikono mitupu, "samahani, kumbe havipo." Ndipo ikaja peremende. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3.

Dakika 3! Na hao hawakuwa wazembe. Walikuwa wameshapiga hesabu: mtu huyu haaminiki, kula chako mapema.

Na kabla mtu hajasema haya ni mambo ya wazungu, mwaka 2018 ulichapishwa utafiti kama huo kwa watoto wa miaka minne wa Wanso, wakulima wa nyanda za juu za Cameroon, wakilinganishwa na watoto wa Ujerumani. Wanso waliwekewa andazi dogo la kwao. Karibu saba katika kumi walisubiri dakika kumi kamili. Wajerumani hawakufika watatu katika kumi. Mama wa Kinso ni wakali, wanadai adabu mapema na wanampa mtoto kazi za nyumbani angali mdogo, kama huku kwetu. Kwa hiyo sisemi tulee kama kwenye tamthilia za Kikorea, mtoto akinuna familia nzima inakaa kikao. Ukali na fimbo ni vitu viwili. Dogo wa Laela hakufundishwa kuongoza maksai kwa kuchapwa. Alipewa kazi inayoeleweka, akaanza kwa kutembea pembeni ya kaka yake, akakosea, akaelekezwa, na kila jioni aliona kwa macho mstari aliounyoosha. Na wakubwa wa shambani walitimiza walichosema: ukimaliza upande huu tunapumzika, na kweli walipumzika.

Linganisha na anachoahidiwa na serikali. Tangu darasa la kwanza anaambiwa madawati yanakuja. Mwalimu wa hesabu anakuja. Kitabu mtagawana wawili mwaka huu, mwakani kila mtu chake. Elimu bila ada, halafu mwanafunzi anarudishwa nyumbani kwa mchango ambao haukuitwa ada. Mtoto amekaa miaka minne mbele ya watu wazima wanaorudi mikono mitupu, halafu tunashangaa hana subira ya kumaliza zoezi ambalo faida yake, eti, ataiona akiwa mkubwa. Kwa hesabu zake yuko sahihi.

Na chakula je? Hapa naona aibu kuandika. Sisi ni ghala la taifa. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wana vihenge hapa Sumbawanga, malori ya mahindi yanashuka Tunduma msimu mzima. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Tulikuwa wa kwanza Tanzania nzima. Ule wa 2022 ukakuta kama asilimia 50, taifa likiwa 30. Tumepanda kidogo, na tumewaachia Iringa nafasi ya kwanza, hongera yetu. Udumavu hauishii kwenye urefu. Ubongo unaojengwa kwa uji wa mahindi matupu, bila maziwa, yai wala karanga, katika miaka miwili ya kwanza, unaingia darasani ukiwa umepungukiwa, na sehemu inayoumia ni pamoja na hiyo ya kutulia na kukumbuka. Maharage tunalima, tunauza. Mama anatoka alfajiri kwenda shamba na kurudi jua linazama, mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba. Akianza shule anatembea asubuhi kwenye baridi yetu mnayoijua, anakaa hadi saa nane tumboni hamna kitu. Mwongozo wa serikali wa chakula shuleni, wa 2021, unawategemea wazazi na jamii kuchangia. Penye mwenyekiti wa kijiji mchangamfu uji unapatikana, pasipo naye haupo. Ubongo wa mtoto unategemea uchangamfu wa mwenyekiti.

Chama chetu kikisema kitashika halmashauri, mimi kama mwanachama nataka kusikia uji wa darasa la awali na la kwanza kwenye bajeti ya kwanza kabisa, kabla ya gari la mtu yeyote.

Ila kuna mengine hayangoji kushika dola, na hapa naomba makamanda wenye watoto au wadogo zao wanisikilize. Nimekaa kwenye vikao vyetu, tunaimba demokrasia mpaka koo linakauka, halafu mtu anarudi nyumbani anamzaba kofi mtoto wa miaka mitano kwa kumwaga maji. Jaribu vitu vidogo. Ukimtuma dukani vitu vitatu, mwambie akurudishie kwa mdomo wake kabla hajatoka. Ukizoea ongeza cha nne. Mpe kuku wake mmoja, ajue mwenyewe anataga lini na anakula nini, na siku akisahau kumfungia usimfungie kimyakimya, kaa naye mpange atakumbukaje kesho. Akikosea muulize alikuwa anakusudia nini, halafu kweli subiri jibu. Na ukimwahidi Jumamosi mtakwenda mjini, nendeni. Kama huwezi, usiahidi.

Na waacheni wacheze, jamani. Pale Chanji jioni nilikaa natazama mabinti wanacheza rede. Wawili wanarushiana mpira wa makaratasi, wa katikati anaukwepa huku anajaza chupa mchanga, anahesabu, anavizia, anaamua ajaze kidogo zaidi au akimbie. Hiyo ni kazi nzito ya kichwa kuliko kuimba jedwali la saba kwa pamoja darasa zima. Kombolela ni hivyo hivyo: kujificha ni kukaa kimya wakati kila kiungo kinataka kutoka. Mama mmoja akatoka akapiga kelele, "Acheni ujinga, njooni msome!" Wakatawanyika.

Bibi yangu hakusoma. Alikuwa analima yale matuta ya mviringo ya kizamani, nyasi zinafukiwa mwishoni mwa masika, zinaoza, msimu unaofuata tuta linatawanywa ndipo ulezi unapandwa. Alitupanga wajukuu kwa umri: huyu akate nyasi, huyu akusanye, huyu asimamie. Tukimuuliza tutakula lini anasema mwakani. Na mwakani tulikula.

Mwezi huu nimerudi tena, mapumziko ya muhula. Nikaandika barua kwa shule moja ya msingi ya huku kwetu, kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Niliomba kitu kimoja: kitabu cha adhabu kinaonyesha viboko vingapi mwaka jana, bila jina la mtoto hata mmoja. Sheria inatoa siku 30 za kujibu. Nikaipeleka mwenyewe, nimevaa kitenge kizuri ili nisionekane mhuni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Karibu." Akaisoma mara mbili. Akavua miwani. "Binti, umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, mwalimu. Nimekuja mwenyewe."

Akaniangalia muda mrefu, kisha akagonga muhuri nakala yangu. Leo ni siku ya 19.